Tumbawe linalowaunguza wenzake: jibu kwa mama wa Mikindani

*"Shikamoo mzee. Ninaendesha nyumba ndogo ya wageni hapa Mikindani. Mpangaji wangu mmoja, fundi wa mambo ya gesi, alipomaliza mkataba aliondoka akaniachia tangi la maji ya chumvi la lita 300, lenye samaki wawili na matumbawe saba. Limekaa mapokezi na wageni wanalipenda. Tatizo ni tumbawe moja la kijani lenye vijinyota vya ncha nyeupe. Kila tumbawe lililo karibu nalo linakuwa jeupe upande mmoja, kama limemwagiwa maji ya moto. Mchana nikiangalia hayagusani, pana nafasi ya kiganja kizima. Wiki iliyopita nilikuwa nafuta kioo, likanigusa mkono, vikatoka vipele na mpaka leo panawasha. Maji yakipungua najazia ya bahari, naogopa ya bomba kwa sababu ya klorini. Pia kuna jiwe limejaa vidude kama vifungo vya kahawia, nimeambiwa nilichemshe vife. Na kijana mmoja wa Msimbati anasema ataniletea matumbawe ya moto, ya rangi ya haradali, mazuri sana. Nishauri."*

Marahaba mwanangu. Umeuliza jambo moja lakini ndani yake yamo manne, na mojawapo haliwezi kungoja: hilo jiwe la vifungo usilichemshe. Usilimwagie maji ya moto, usilikwangue kwa brashi, usilianike uani wanakopita watoto. Kama umeshabandika sufuria, ipua.

Vifungo hivyo ni viumbe wa ukoo wa matumbawe, ila wao hawajengi mifupa ya mawe. Baadhi yao, hasa wa jenasi ya Palythoa, hubeba sumu iitwayo palitoksini. Wanasayansi waliitenga mwaka 1971 kutoka kwa viumbe waliochukuliwa kwenye dimbwi la bahari huko Hana, kisiwa cha Maui, Hawaii. Wenyeji wa pale walikuwa wakisimulia tangu zamani kwamba wazee wao walipaka mikuki kitu cha dimbwi lile, na aliyechomwa hakupona. Sumu hii huenda kwenye vipampu vidogo vilivyomo katika kila chembe hai, vile vinavyotoa sodiamu na kuingiza potasiamu, na kuvigeuza kuwa matundu ya wazi. Moto wa jikoni hauivunji. Unachofanya ni kuipandisha na mvuke hadi puani kwako, na wamewahi kulazwa watu wa nyumba nzima, pamoja na wale ambao hawakuligusa jiwe lenyewe. Huanza kama mafua makali: homa, kikohozi, kifua kubana, ladha chungu au ya chuma mdomoni, misuli kuuma. Dawa ya kuizima moja kwa moja haipo. Madaktari hukusaidia kupumua na kusubiri.

Si kila kifungo kina sumu hiyo, na vingine vina kidogo sana. Lakini kwa macho huwezi kuvitofautisha, kwa hiyo vyote tunaviheshimu. Kama havikusumbui, viache majini bila kuvigusa, humo hatari yake ni ndogo. Kama ni lazima kulihamisha jiwe, lihamishe likiwa ndani ya maji, ukiwa na glavu ndefu na miwani ya kukinga macho, na mkono usiwe na kidonda. Aliyekushauri ulichemshe alikuwa na nia njema. Mimi mwenyewe nilishachemsha mawe ya tangi kabla sijayajua haya, na kilichoniokoa ni kwamba hayakuwa na vifungo. Sikuwa mjanja.

Sasa mkono wako.

Wiki imepita, kwa hiyo hakuna la kuosha tena. Dawa ya kupaka ya kupunguza mwasho, yenye haidrokotisoni, na kidonge cha mzio usiku vinatosha kwa wengi. Ukiona usaha, au wekundu unapanda mkononi, au una homa, nenda hospitali. Ligula si mbali na ulipo. Na ujue jambo ambalo wengi hawaambiwi: mwili unaweza kuizoea sumu kwa ubaya. Mara ya kwanza vipele, mara ya tatu au ya nne mtu anavimba uso na pumzi inambana. Ikifika huko, hilo si jambo la siki wala mafuta ya nazi, ni gari na daktari. Kwa hiyo tangu leo usiingize mkono mtupu kwenye tangi hilo. Glavu ndefu za mpira zinazofika kiwiko zinatosha.

Kwa siku nyingine, likikugusa, suuza palepale kwa maji ya chumvi ya tangini au ya bahari. Usitumie maji ya bomba. Ili uelewe kwa nini, lazima nikueleze anachokifanya mnyama huyu, na hapo ndipo lilipo pia jibu la swali lako kubwa.

Wewe ni mtu wa kusini, unawajua kina mama wanaobangua korosho. Mafuta ya ganda yakikaa kwenye vidole yanachubua ngozi polepole. Hiyo ni sumu ya kupaka. Unaujua na upupu, zile nywele za ganda linalokufanya ujikune mpaka ulie. Tumbawe lina tabia ya upupu zaidi kuliko ya korosho: linadunga. Kwenye ngozi ya kila mnyiri zimejaa chembe ambazo ndani yake mna kifuko kilichobanwa kwa mgandamizo mkubwa, na ndani ya kifuko umejikunja uzi wenye ncha kama chusa. Kikiguswa, au kikinusa kemikali ya mnyama mwingine, kinafyatuka. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walikirekodi kitendo hicho kwa kamera za kasi kwenye haidra, mnyama mdogo wa maji baridi wa ukoo huohuo, wakakuta ncha inatoka ndani ya nanosekunde 700. Sekunde moja ina nanosekunde bilioni moja, kwa hiyo usijidanganye kwamba utawahi kuondoa mkono.

Unapoguswa, vishale vingi hubaki kwenye ngozi vikiwa bado havijafyatuka. Maji ya bomba hayana chumvi. Yakivifikia, vifuko vinavimba na kufyatuka vyote. Kusugua kwa mchanga, kama wafanyavyo vijana wa ufukweni, ni hivyohivyo, na mkojo ni ushauri wa mzaha. Suuza kwa maji ya chumvi, bandua vipande kwa kibano au ukingo wa kadi, mwagia siki ya kawaida ya jikoni, kisha tumbukiza mkono kwenye maji ya moto ya nyuzi 43 hadi 45 kwa dakika 20 hadi 30. Joto linapunguza maumivu vizuri. Yapime maji kwanza kwa mkono mzima usiodungwa, kwa sababu mkono unaouma hauwezi kukuambia kwamba unaungua.

Tuje kwenye nyota zako za kijani.

Kwa jinsi ulivyoeleza, hilo ni Galaxea. Huku kwetu si mgeni, lipo kwenye miamba ya pwani hii, na ukilikuta baharini utaona limejitengea uwanja wake, mawe yaliyolizunguka yako matupu kama kiwanja kilichofagiliwa. Mchana ni pole kabisa, vijinyota vyake havizidi ukucha wa kidole. Ndiyo maana umepima nafasi ya kiganja ukaridhika. Lakini umepima saa ambayo halifanyi kazi.

Fanya hivi leo. Zima taa za tangi saa mbili usiku. Usiende kuangalia mara moja, kunywa chai yako, funga mahesabu ya wageni. Saa nne njoo na tochi uliyoifunika kwa kitambaa au plastiki nyekundu, kwa sababu mwanga mweupe unawafanya wajikunje na mwekundu hawaujali sana. Tazama pembeni mwa zile nyota. Utaona nyuzi nyembamba, karibu hazionekani, zenye kidonge cheupe nchani, zinaelea kufuata mkondo wa maji. Mimi huziita minyiri ya doria. Hazifanani na ile ya kukamatia chakula: ni ndefu mara nyingi zaidi, na kile kidonge cha nchani ni bohari la vishale. Za Galaxea zinaweza kufika sentimita 20, hata 30. Kiganja chako wewe kina sentimita ngapi?

Tumbawe halizaliwi na minyiri hiyo yote. Likihisi jirani kwa muda, huirefusha kidogo kidogo kwa majuma. Ndiyo maana mtu huniambia, "Yalikaa pamoja miezi miwili bila ugomvi." Ugomvi ulikuwepo, silaha ndizo zilikuwa bado zinafuliwa.

Na doria siyo silaha pekee. Mtafiti Judith Lang alichapisha mwaka 1971 na 1973 aliyoyaona kwa matumbawe ya Jamaika: tumbawe likigusana na la jamii nyingine linaweza kutoa nje nyuzi za utumbo wake, likazilaza juu ya jirani na kummeng'enya palepale alipo, nje ya mwili. Kuna ngazi ya nani anamla nani, na haifuati ukubwa wala kasi ya kukua. Tumbawe dogo linalokua pole linaweza kulizuia la matawi linalokua haraka. Hiyo ndiyo siasa ya ardhi ya mwambani, kwa sababu kwa tumbawe kivuli ni njaa. Ndani ya mwili wake wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, na chakula chake kingi kinatoka kwao, nao wanahitaji jua. Akija jirani akalikinga jua, limekufa. Haliwezi kuhama, kwa hiyo linadunga.

Kwa hiyo, mwanangu, tumbawe lako si gonjwa wala si baya, na hakuna dawa ya kulituliza. Nimeona watu wanamwaga hiki na kile tangini kutibu "ukali". Kilichopungua kwako ni sentimita, na ni sentimita za usiku.

Kabla hujahamisha kitu, hakikisha ni kweli linachomwa na si kupauka kwa joto, kwa sababu vyote viwili vinaleta weupe. Chukua kioo cha kukuzia. Tumbawe lililopauka lina nyama yake bado: polipu, yaani vile viumbe vidogo vyenye minyiri vinavyounda tumbawe, wanaonekana, wanajifungua na kujifunga, ila wamekuwa kama kioo kwa kuwa wale mwani wametoka, na weupe unaenea sehemu kubwa ya mwili. Lililochomwa limebaki mfupa mtupu upande mmoja tu, ule unaotazamana na adui, lenye mpaka mkali kati ya nyama na mfupa, na siku chache baadaye mfupa huo unaota ukijani. Kwa maelezo yako, "upande mmoja, kama limemwagiwa maji ya moto", naamini ni kuchomwa. Lakini joto nalo sijalisamehe, nitalirudia.

Matangi mengi ya lita 300 yana urefu wa sentimita 120 hivi. Hapo unayo nafasi, ila uitumie kwa akili. Tafuta kwanza pampu inasukuma maji kuelekea wapi: dondosha uduvi mmoja uliokatwa na uone unakokwenda. Minyiri ya doria inaelea na mkondo. Kama maji yanatoka kushoto kwenda kulia, weka Galaxea mwisho wa kulia kabisa, chini kwenye mchanga, ili nyuzi zake zipige kioo na si jirani. Acha sentimita 30 tupu pande zote zenye tumbawe jingine. Tupu maana yake mchanga tu, hata kama wageni watasema pale panaonekana hapajakamilika. Ikiwa mpangaji alifunga pampu mbili zinazopokezana, hapo doria inakwenda pande zote, na bora uzifanye zote zisukume upande mmoja, ile ya pili ukiielekeza juu kwenye uso wa maji ili kuingiza hewa.

Usilinyanyue kwa kushika nyama. Shika jiwe la chini, polepole, ndani ya glavu, baada ya kusubiri nyota zijikunje. Yale yaliyochomwa usiyakate wala usiyapake chochote. Yapeleke mahali penye mkondo wa wastani na mwanga usio mkali, uyaache. Nyama iliyobaki ikiwa nzima, huutambaa tena mfupa wake, ila kwa miezi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza tumbawe la mikunjo kama ubongo, kubwa kama bakuli la wali, kwa sababu niliona aibu kuacha pengo katikati ya tangi. Pengo likajaa baada ya siku kumi na mbili. Lilijazwa na mifupa.

Kati ya hayo saba uliyoachiwa, kama kuna lenye minyiri minene inayopepea kama moto wa mwenge, kila ncha na kidonge chake cha rangi, hilo ni Euphyllia, nalo linachoma vilevile, ingawa doria yake si ndefu kama ya Galaxea. Mienge miwili ya aina moja inaweza kukaa bega kwa bega bila tatizo, zinajuana kama ndugu. Mwenge na Galaxea kamwe. Kama kuna la laini kama ngozi au uyoga, lisilo na mfupa wa jiwe, hilo lina vita vya namna nyingine: linatoa kemikali majini zinazowadumaza wenzake wa mbali. Dawa yake ni mfuko mdogo wa mkaa maalumu wa kuchujia, ule unaoitwa kaboni amilifu, uwekwe penye mkondo na kubadilishwa kila baada ya wiki tatu nne. Mkaa wa jikoni haufai, tafadhali.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliuliza, umelitaja tu kwa kupita, na ndilo linalonitia hofu kuliko nyota zote: unajazia maji ya bahari.

Yanayopanda hewani kutoka kwenye tangi ni maji matupu. Chumvi haipandi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi lako la lita 300 lina kilo kumi na nusu za chumvi. Chukulia unapoteza lita tano kwa siku, jambo la kawaida kwa joto letu na feni. Ukijazia lita tano za bahari, umeongeza gramu 175 za chumvi. Kwa siku kumi ni kilo moja na robo tatu, na maji yako yameshatoka gramu 35 na kukaribia 41 kwa lita. Hapo tumbawe linajikunja, samaki anapumua kwa haraka, na wewe unadhani ni ugomvi wa majirani. Jazia maji yasiyo na chumvi, siku zote. Ya bahari ni ya kubadilishia, yaani unapotoa ndoo na kuweka ndoo.

Klorini uliyoiogopa ni ya kuogopwa kweli, lakini dawa yake si bahari. Yaliyo bora ni maji yaliyopita kwenye mashine ya osmosi, zile za vichujio vya kunywea wanazofunga baadhi ya mahoteli. Maji ya mvua ni mazuri kama hayajapita kwenye bati, kwa sababu bati lina zinki. Na yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi, yanayoonekana masafi kama machozi, yaache yamwagike nje: yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu inaua matumbawe, kamba na konokono wote wa tangi.

Tafuta refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji. Ndiyo chombo cha kwanza kununua kabla ya samaki wa tatu. Ukikuta chumvi imepanda, usiishushe kwa siku moja. Shusha gramu moja kwa lita kila siku, si zaidi, mpaka ufike 35.

Maji ya kubadilishia unayo baraka ambayo mfugaji wa London hana: bahari iko mlangoni. Ila usichote ndani ya ghuba pale mashua zinapolala. Ghuba ya Mikindani imefungwa, maji yake yanazunguka pole, na mafuta ya injini yakiwa kidogo hayaonekani kwa jicho. Chota upande wa bahari ya wazi, wakati wa bamvua, maji yakiwa yanajaa na yamekaribia kufika juu. Masika usichote kabisa karibu na midomo ya mito. Upande wa Ruvuma siku za mafuriko maji ni ya tope na chumvi imepungua. Chuja kwa kitambaa kizito, hifadhi kwenye pipa lililofunikwa, gizani, wiki mbili, kisha pima ndipo utumie.

Joto. Matumbawe ya tangini yanapenda nyuzi 24 hadi 27. Yanaishi kwa kikomo: joto likizidi kidogo tu, nyuzi moja juu ya kilele walichokizoea, likadumu majuma kadhaa, wanawatoa wale mwani na kupauka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, bahari ya Hindi ilipopata joto la El Niño na matumbawe mengi ya pwani yetu yakafa. Kwenye chumba cha mapokezi kilichofungwa, kaskazi ikiwa imelegea, mwezi wa pili, tangi linafika nyuzi 31 bila kukuomba ruhusa. Ondoa kifuniko, elekeza feni ndogo juu ya uso wa maji, itakushushia nyuzi mbili hivi, pungufu siku za unyevu mwingi. Sogeza tangi mbali na dirisha la magharibi. Taa za juu ziwake jioni badala ya adhuhuri, na wageni wataona vizuri zaidi. Kwa siku za kukatika umeme, weka pampu ndogo ya hewa ya betri. Tangi linakufa kwa kukosa hewa kabla halijafa kwa kukosa mwanga.

Chakula ni jambo dogo. Uduvi mbichi, si wa kukaushwa wala wa chumvi, waoshe, katakata, wape mara mbili kwa wiki jioni. Wapo wanaoamini tumbawe lililoshiba haliwachomi jirani. Si kweli, minyiri ya doria ni ya kulinda mpaka, haihusiani na njaa.

Limebaki la kijana wa Msimbati.

Mwambie asante, asilete. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Kung'oa tumbawe humo bila kibali ni kosa, na wa kulaumiwa hatakuwa yeye peke yake. Zaidi ya hapo, matumbawe yote ya mawe, pamoja na haya ya moto, yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo hata kuyavusha mpaka kunahitaji karatasi. Hii inakuhusu na hayo saba uliyoachiwa: muulize mpangaji wako, kama bado mnawasiliana, aliyapata wapi na kwa kibali gani, kisha nenda mwenyewe kwa afisa uvuvi wa wilaya umweleze. Ni bora uende wewe kuliko mgeni mmoja apige picha mapokezi kwako na picha imfikie afisa huyo. Wala usiyarudishe baharini kimyakimya kwa kuona aibu. Kilichokaa tangini na viumbe usiojua asili yao kinaweza kubeba ugonjwa.

Hata sheria ingeruhusu, nisingekushauri. Tumbawe la moto, jina lake la kitaalamu Millepora, kwa ukoo si tumbawe la mawe la kweli. Liko karibu zaidi na haidra kuliko na Galaxea, limejenga tu nyumba ya chokaa inayofanana. Ukilitazama kwa kioo cha kukuzia utaona matundu madogo yasiyohesabika, mengine ya polipu wanaokula, mengine ya polipu wembamba kama nywele ambao kazi yao ni kudunga tu. Likiguswa mara moja linachoma kuliko lolote ulilo nalo. Na tangini halikai lilipowekwa: hutambaa juu ya jiwe, kioo, hata bomba la pampu, likiwafunika wengine. Likishashika mwamba wako wote, njia ya kulitoa ni kutoa mwamba. Mzamiaji aliyewahi kuegemea rangi hiyo ya haradali kwenye mwamba wa Ruvula hahitaji kukumbushwa.

Kama wageni wako wanataka kuliona, wapeleke wakati wa maji makavu ya bamvua na mwongozaji anayetambuliwa na hifadhi, walione likiwa kwake.

Ya mapokezi acha yawe saba hivyo hivyo, au sita. Wale wanaosema tangi zuri ni lililojaa hawajawahi kulitazama saa nne usiku. Ningekuwa mimi, ningempa Galaxea upande wa kulia peke yake na mchanga wake, mienge katikati kama ipo, na yale mapole kushoto juu ya mwamba, mkondo ukitokea kwao.

Ukishaangalia usiku, niandikie mambo matatu: doria imefika sentimita ngapi (bandika rula kwa nje ya kioo), pampu inatokea upande gani, na refraktomita inasema nini. Picha ya mchana usinitumie.